Kabla Upange Mkeka wa Msimu, Mjue Kocha Ambaye Ungemfuta

Msimu unanukia na najua mko wapi. Mko steji ya Mumias mkingoja abiria, mko kwa kinyozi, mko kwenye lile grupu la WhatsApp lenye jina refu kuliko ujumbe wake, na mnabishana. Mmoja anasema Lakers wamezeeka, mwaka huu ni wa kushindilia jeneza misumari. Mwingine hataki kusikia habari za Marekani, yeye ni Nairobi City Thunder tu, kwa sababu mwaka 2025 ndiyo ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi ya Afrika, BAL. Wa tatu hajui hata mchezaji mmoja kwa jina lakini mkeka ameshapanga. Na nyote watatu mnajua kocha gani afutwe kazi kabla ya Krismasi.

Sawa. Basi nikupe kocha mmoja, uniambie ungemfanya nini.

Alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kansas. Alishinda mechi 55, akapoteza 60. Mechi ya kwanza kabisa alilimwa 16 kwa 5. Makocha wote waliokuja baada yake pale Kansas walishinda mara nyingi kuliko walivyoshindwa. Ni yeye peke yake aliyeondoka na deni. Wewe ungemfuta mwezi wa kwanza, usikatae. Jina lake ni James Naismith, na mchezo wenyewe unaobishania ni yeye aliyeubuni.

Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, mkoa wa Ontario, Kanada. Ukitaka kupima ni zamani kiasi gani, tumia kipimo cha hapa nyumbani. Nabongo Mumia, yule ambaye mji wetu unaitwa jina lake, alikalia kiti cha ufalme wa Wanga mwaka 1882. Wakati huo Naismith alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee anayejaribu kumaliza sekondari. Mji wetu bado uliitwa Elureko, misafara ya Waswahili kutoka pwani ikitua hapa kupumzika na kununua chakula. Kwa hiyo hawa wawili waliishi nyakati zilezile, mmoja kwenye baridi kali huko, mwingine hapa karibu na Nzoia. Nabongo ndiye aliyeishi zaidi, aliaga mwaka 1949.

Mbona nasema akijaribu kumaliza sekondari akiwa na miaka ishirini? Hapo ndipo stori inapoanza kuniuma.

Mwaka 1870, James akiwa na miaka minane, baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Homa ya matumbo ikaingia. Ndani ya wiki chache baba na mama wote walikuwa wamezikwa. Watoto watatu, dada mmoja na wavulana wawili, waliishia mikononi mwa jamaa za mama, na mjomba wao Peter ndiye aliyewalea shambani. Mjomba hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukipewa farasi na mzigo, utajua mwenyewe utakavyovuka mto.

Alipofika miaka 15, James aliacha shule. Alienda msituni kukata magogo, kazi ya wanaume wazima, na akakaa huko miaka kama mitano. Wale wenzangu mlioacha chuo katikati, sijui kama nanyi mmechoka kama mimi na zile stori za bilionea aliyeacha chuo akatajirika. Hii si mojawapo. Huyu alirudi. Alirudi akakaa darasani na watoto waliomwacha mbali kwa umri, akamaliza mwaka 1883, akaingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Mwaka huohuo mdogo wake wa kiume, Robbie, akafa kwa maradhi ya tumbo. Bado akaendelea.

Pale McGill alicheza kila kitu kilichokuwa na mpira, fimbo au kamba: raga, lakrosi, sarakasi za ukumbini. Alisomea pia uchungaji wa Kipresbiteri. Watu wa nyumbani walitaka mhubiri, na michezo wakati huo ilihesabiwa kuwa njia fupi ya kwenda kwa shetani. (Waulize kina mama wa kanisani kwenu kuhusu mechi za Jumapili, utasikia wazo hilo bado liko hai.) Yeye akaamua kwamba kijana anaweza kufikiwa uwanjani kama anavyofikiwa kanisani, labda haraka zaidi. Mwaka 1890 akavuka mpaka kwenda Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA kilichofunza walimu wa michezo.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Desemba 1891. Nje ni theluji. Msimu wa raga umeisha, na ndani ya ukumbi hakuna cha kufanya isipokuwa mazoezi ya viungo: inua mkono, shusha mkono, geuka. Kulikuwa na darasa moja la wanaume 18, watu wazima, waliochoshwa na mazoezi hayo mpaka wakawa wakorofi. Walimu wawili walikuwa wameshainua mikono. Mkuu wa idara, Luther Gulick, akamkabidhi Naismith lile darasa na kumpa siku 14 abuni mchezo wa kuchezewa ndani.

Alijaribu kwanza kuingiza michezo ya nje ndani ya ukumbi. Soka ikavunja vitu. Raga ikavunja watu. Lakrosi ilivunja vyote viwili. Siku zikaisha zikabaki chache.

Ndipo akakaa akafikiri kwa njia ambayo mimi naiheshimu kuliko mambo yake mengine yote. Hakujiuliza ni mchezo gani mtamu. Alijiuliza kwa nini watu wanaumizana. Wanaumizana kwa sababu mtu anakimbia na mpira, na njia ya kumzuia ni kumwangusha. Basi asikimbie nao. Ukiudaka, simama, utoe pasi. Halafu akajiuliza kuhusu goli. Goli likiwa chini, mtu atapiga mpira kwa nguvu zake zote na walinzi watajazana mbele yake. Akakumbuka mchezo wa utotoni kule Almonte: mnaweka jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, mmoja analinda, wengine mnarusha mawe kuliangusha. Ukirusha kwa hasira jiwe lako linaenda mbali na ukilifuata unakamatwa. Anayerusha taratibu, jiwe likapanda na kushuka kwa upinde, ndiye anayeshinda. Sisi tulikuwa na yetu ya mikebe, na ni hesabu ileile. Akaliweka goli juu.

Asubuhi ya mchezo akamwomba mtunza jengo masanduku mawili. Jamaa hakuwa na masanduku, alikuwa na vikapu viwili vilivyokuwa vya kubebea pichi, yale matunda. Ndiyo hivyo. Yule mtunza jengo angepata masanduku, leo tungekuwa tunaongea kuhusu mpira wa masanduku. Naismith alivipigilia kwenye roshani za ukumbi, moja kila upande. Roshani ilikuwa na urefu wa futi 10 kutoka sakafuni. Si kwamba alipima akaona futi 10 ni nzuri. Ndivyo jengo lilivyojengwa. Mpaka leo ringi zote za dunia, za NBA, za Kigali na ile iliyopinda shuleni kwenu, zinatakiwa kuwa futi 10.

Akabandika kanuni 13 ukutani, akagawa wale 18 wakawa tisa kwa tisa, akawapa mpira wa kawaida wa soka. Mchezo ukaisha 1 kwa 0. Kikapu kimoja, kilichofungwa na kijana anayeitwa William Chase. Na kwa kuwa kikapu kilikuwa na kitako, mpira ukiingia ilibidi mtu apande kuutoa. Hebu fikiria mkeka wako siku hiyo: jumla ya pointi, zaidi ya moja au chini ya moja?

Kanuni zenyewe zikisomwa leo zinachekesha kidogo. Kudunda mpira hakumo kabisa. Timu ikifanya makosa matatu mfululizo, wapinzani wanapewa kikapu cha bure. Vipindi ni viwili, dakika 15 kila kimoja. Lakini kusukuma, kushika, kukwatua na kupiga mwenzako, vyote vimekatazwa kwa maneno yaliyo wazi. Kanuni zilichapishwa Januari 1892 katika gazeti la chuo, na kwa kuwa YMCA ilikuwa na matawi kila kona, mchezo ulienda kama moto wa majani ya miwa. Mwaka huohuo mwalimu Senda Berenson akauchukua kwa wanawake wa Chuo cha Smith, karibu na hapo. Kwa hiyo dada ukiambiwa kikapu ni mchezo wa wanaume, jua aliyekuambia amechelewa zaidi ya miaka 130.

Yeye mwenyewe hakukaa kuuza jina. Alimwoa Maude Sherman mwaka 1894, akahamia Denver, akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1898, kisha akaenda Kansas kuwa mwalimu wa michezo na kuongoza ibada. Hapo ndipo zile 55 kwa 60. Watu husahau kwamba mara nyingi yeye alikuwa refa katika mechi za timu yake, na akiona kosa la mchezaji wake anapuliza. Sema sasa ungemwelezaje yule jamaa wa grupu!

Mmoja wa vijana wake, Forrest Allen, alitaka kuwa kocha wa kulipwa. Naismith alimwambia kikapu hakifundishwi, kinachezwa tu. Kwa hili mzee alikosea mno. Allen akawa kocha pale Kansas mpaka mwaka 1956 na kushinda mechi 590. Mchezaji wa Allen, Dean Smith, akawa kocha wa North Carolina, na huko ndiko alikomfundisha kijana anayeitwa Michael Jordan. Hesabu mwenyewe ni watu wangapi kati ya vikapu vya pichi na viatu ulivyonunua mtumba pale sokoni.

Lakini ukiniuliza mwanafunzi wake mkubwa ni nani, sitamtaja Allen. Nitamtaja John McLendon. Huyu alifika Kansas mwaka 1933, kijana mweusi mwenye hamu ya kikapu, na hakuruhusiwa kuchezea timu ya chuo kwa sababu ya rangi yake. Alipoingia kwenye bwawa la kuogelea, maji yalimwagwa yote. Naismith, mzee wa miaka zaidi ya 70 sasa, akawa mlezi wake, akamfunza, akamsaidia kupata njia. McLendon alikuja kushinda ubingwa wa taifa wa vyuo vya NAIA mara tatu mfululizo akiwa na Tennessee State, 1957 hadi 1959, kisha akawa kocha mweusi wa kwanza katika ligi ya kulipwa. Ule mchezo wa mbio na presha uwanja mzima unaoupenda, yeye ni mmoja wa waliousukuma. Lakini tusimpambe Naismith. Alikuwa mwalimu ndani ya chuo hichohicho kilichomnyima kijana jezi, na jezi hakuipata. Alichoweza kumpa alimpa. Kama kilitosha, mimi naona hapana, ila McLendon mwenyewe alimheshimu maisha yake yote.

Mwaka 1936 kikapu kikaingia Olimpiki rasmi, Berlin. Pesa ya nauli mzee hakuwa nayo. Mashabiki na makocha Marekani walichanga, senti moja kutoka kila tiketi, mpaka akasafiri. Ndiye aliyerusha mpira wa mechi ya kwanza. Fainali ilichezwa nje, kwenye uwanja wa udongo, na mvua ikanyesha mpaka kukawa tope kama barabara ya shamba la miwa mwezi wa Aprili. Mpira haukudunda. Marekani 19, Kanada 8, nchi aliyoichukulia uraia dhidi ya nchi iliyomzaa. Alikuwa ameapa uraia wa Marekani mwaka 1925, akiwa na miaka 63.

Maude alifariki mwaka 1937. Naismith alioa tena mwaka 1939, na Novemba 28 mwaka huohuo akafa nyumbani Lawrence, Kansas. Mechi ya kwanza ya ligi iliyokuja kuwa NBA ilichezwa Novemba 1946, mjini Toronto, katika mkoa ule aliozaliwa. Hakuiona. Hakutajirika na mchezo huu hata kidogo.

Zile karatasi mbili za kanuni 13, zilizopigwa taipu mwaka 1891, ziliuzwa mnadani New York Desemba 2010 kwa zaidi ya dola milioni 4.3. Aliyenunua alizipeleka Kansas, na ziko huko chuoni, nyuma ya kioo. Sasa endeleeni na ubishi wenu. NBA inaanza Oktoba, mechi nyingi ni saa tisa usiku kwa saa zetu, na mimi nimewapa Thunder.