Kijana wa Ndege ya Pundamilia

Nikipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nakuta fulana za pundamilia kibao, na wengi wetu tunaozivaa hatujawahi kutia mguu Serengeti. Tunaijua kwa picha tu. Mmoja wa waliotuzoesha hivyo ni Michael Grzimek, Mjerumani aliyezaliwa 1934. Wanachuo wenzangu, jamaa alikuwa rika letu!

Mwishoni mwa 1957 yeye na baba yake, Bernhard, waliruka kutoka Frankfurt kwa kindege walichokipaka milia ya pundamilia, wakaja kuhesabu wanyama toka angani. Nyumbu peke yao walipata kama 99,000. Hesabu hiyo ingeweza kuozea kabatini, ila walikuja na kamera pia. Januari 10, 1959 ndege ikagonga tumbusi, ikaanguka. Michael akafa, miaka 24 tu, akazikwa Ngorongoro. Baba akaimalizia filamu, *Serengeti Shall Not Die*, ikapata Oscar 1960.

Kazi kubwa, sikatai. Kinachonikera ni kwamba waliamini hifadhi haitakiwi kuwa na watu wala ng'ombe. Wamaasai walikuwa wakichunga humo. Mwaka huohuo wa 1959 Serengeti ikagawanywa, wakahamishiwa Ngorongoro, kulekule alikolazwa Michael.