Kinjikitile Ngwale, mfungwa wa Mohoro



Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja hapa Mchukwi, Kibiti. Siku moja tulikuwa katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), pale alipotiwa gerezani bila kosa. Nikawaomba wanafunzi wanitajie mtu wa huku kwetu Rufiji aliyewahi kufungwa kwa dhulma. Kijana mmoja akamtaja Kinjikitile. Darasa zima likacheka, kwani wao wanamjua Kinjeketile wa mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein wa mwaka 1969, yule wa maji ya kugeuza risasi. Hawakuwa wamemfikiria hata siku moja kuwa ni mfungwa. Nakiri kwamba hata mimi sikuwa nimemfikiria hivyo.

Habari zikafika msikitini kabla yangu. Baada ya Magharibi mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, akaniita pembeni na kunikemea. Alitaka kujua ustadhi mzima nimefikaje kumweka mganga wa mizimu katika somo moja na Mtume wa Mwenyezi Mungu. Nilimsikiliza, nikaomba radhi kwa sababu ya umri wake, nikaenda nyumbani. Lakini swali halikuniacha, na makala haya yametokana nalo.

Ukitoka hapa Mchukwi kwenda kusini unapita Kibiti, Ikwiriri, unavuka mto kwa Daraja la Mkapa, kisha kabla hujafika Somanga unaikuta Mohoro. Zamani yote hii ilikuwa wilaya moja ya Rufiji. Wakati wa Wajerumani Mohoro palikuwa na boma, yaani ofisi, mahakama, kambi ya askari na gereza, vyote mahali pamoja. Huko ndiko Kinjikitile Ngwale alikonyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Alikufa akiwa mfungwa, na kwa maoni yangu vita vinavyohusishwa na jina lake huwezi kuvielewa mpaka uelewe kwanza namna kifungo kilivyokuwa kikitumika katika nchi hii wakati ule.

Wajerumani walipokwisha kumnyonga Abushiri bin Salim pale Pangani mwaka 1889, na Hassan bin Omari Makunganya kule Kilwa mwaka 1895, walitulia wakaanza kupanga utawala. Mwaka 1896 ilitolewa amri kutoka Berlin kuhusu adhabu za wenyeji. Adhabu zenyewe zilikuwa viboko, faini, kifungo pamoja na kazi za kulazimishwa, kifungo cha mnyororo, na kifo. Viboko viliwekewa kikomo cha 25 kwa mara moja, ndiyo ile hamsa ishirini ambayo wazee wetu waliitaja mpaka wanakufa. Mnyororo ulikuwa ni pete ya chuma shingoni, mfungwa mmoja akiunganishwa na mwenziwe, kundi zima likiwa kama shanga katika uzi mmoja. Wakienda kazini wanakwenda pamoja, na wakilala wanalala pamoja. Mmoja akijikwaa anawavuta wote.

Aliyetoa hukumu ni Bwana Shauri. Huyo huyo Bwana Shauri ndiye mkuu wa gereza, ndiye mkusanya kodi, ndiye anayetakiwa na Gavana aonyeshe barabara zimelimwa, boma limejengwa na mizigo imefika. Fedha za kuajiri watu hana za kutosha. Wafungwa anao. Sasa msomaji jiulize mwenyewe, hakimu ambaye anahitaji watu arobaini wa kulima barabara atamwachia huru nani? Katika mpango wa namna hiyo hukumu ya kifungo haiwi hasara kwa serikali, inakuwa ni njia ya kupata vibarua wasiolipwa.

Kisha ikaja kodi. Kuanzia mwaka 1898 kila nyumba ilitakiwa kulipiwa, na kwa vijijini kiwango kilikuwa rupia 3. Mtu wa Umatumbi au wa bonde la Rufiji alikuwa na mpunga, mtama, samaki na kuku, lakini rupia ataitoa wapi? Asiye nayo alitakiwa ailipe kwa nguvu za mwili wake. Hapo tayari umaskini umeshageuzwa kosa, na kosa limeshageuzwa kazi.

Kilichokuja kuvunja subira ni pamba. Gavana Götzen alianzisha mwaka 1902 mpango wa mashamba ya pamoja katika maeneo ya kusini mwa Dar es Salaam, Rufiji na Kilwa zikiwemo. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba la pamba, na watu wake walime kwa siku 28 kwa mwaka. Hizo ni siku za kwenye karatasi. Pamba inataka kulimwa, kupaliliwa na kuchumwa wakati ule ule ambao mpunga nao unataka mikono, na mtu wa bonde akikosa palizi ya mpunga amekosa chakula cha mwaka. Mapato yaligawanywa mafungu matatu, moja la wilaya, moja la jumbe na moja la waliolima. Fungu la waliolima lilikuwa dogo kiasi kwamba wapo waliokataa hata kulipokea. Na asiyekwenda shambani alikuwa anajua anakokwenda, nako ni kwenye kiboko au kwenye mnyororo. Hivyo wapo waliolima kwa hukumu ya mahakama na wapo waliolima bila hukumu yoyote, na kazi ikawa ile ile.

Ndani ya hali hiyo ndipo alipotokea Kinjikitile, mtu wa Ngarambe, magharibi ya vilima vya Umatumbi. Wazee waliohojiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 walisimulia kwamba mwaka 1904 alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye bwawa la mto na kuzama. Ndugu zake walimshika wakashindwa. Waogeleaji walimtafuta wasimwone. Kesho yake akatoka majini, nguo zake zikiwa kavu, akaanza kusema na watu. Alijenga nyumba kubwa ya mizimu. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe makundi kwa makundi kufuata dawa, ambayo ilikuwa maji yaliyochanganywa na nafaka na mbarika. Aliwaambia kwamba watu weusi wote ni kitu kimoja, na kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji.

Hapa namrudia mzee wangu wa msikitini. Sisi tunaoamini tauhidi hatuna njia ya kuyakubali mambo ya Hongo na bwawa, wala sikukusudia kuyatetea. Risasi hazikugeuka maji, na maelfu waliokwenda kifua mbele kwa kuamini dawa ile walikufa. Hilo ni kosa kubwa na tulitaje kuwa kosa. Lakini liko jambo jingine ambalo kwetu sisi Waislamu wa pwani ni zito zaidi, na hatupendi kulitaja. Maakida waliowekwa na Wajerumani juu ya Wamatumbi na Warufiji wengi wao walikuwa watu wa pwani, wenye majina kama yetu na kofia kama zetu. Aliyekuwa akida wa Kibata alikuwa Mwarabu, Sefu bin Amri. Basi mtu wa Ngarambe aliyetaka kukimbilia haki dhidi ya mnyororo, aliyemwona mlangoni ameshika kiboko ni nani? Mimi sioni ajabu kwamba alikwenda kwenye bwawa.

Na haikuwa kwamba dini yetu haikuwa na la kusema kuhusu wafungwa. Zaidi ya miaka 1,100 kabla ya Mohoro, Kadhi Mkuu Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alimwandikia Khalifa Harun ar-Rashid kitabu cha Kharaj, na ndani yake akaweka mlango wa wafungwa. Alimtaka khalifa awalishe na kuwavisha kwa fedha za Baitul Mali, nguo za kiangazi mbali na za baridi mbali, na wanawake wapate za kujisitiri. Chakula alitaka kigeuzwe fedha, na kila mfungwa aitwe kwa jina lake kutoka kwenye daftari akabidhiwe mkononi kila mwezi, kwa sababu mikate ikipitia kwa walinzi inaishia kwa walinzi. Alikataza wafungwa kutolewa nje na minyororo yao kwenda kuomba sadaka barabarani. Anayefia ndani asiye na ndugu alitaka akafiniwe na kuswaliwa kwa gharama ya Baitul Mali. Na akasema wazi kwamba magereza yamejaa kwa sababu wakubwa hawaziangalii kesi za waliofungwa. Abu Yusuf alifariki mwaka 798. 

Turudi Ngarambe. Kinjikitile aliwataka watu wasubiri. Aliwaambia waendelee kulima pamba na kutii mpaka yeye atoe amri, wakati huo wakijifunza kupanga safu za vita, huku habari zikienda kwa kunong'onezana kijiji hadi kijiji. Wamatumbi hawakuweza kusubiri. Kule Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, wazee wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia katika shamba la pamba wakang'oa mashina machache. Kwa macho ya leo ni jambo dogo, miche kadhaa ya pamba, lakini kwa serikali ile ilikuwa ni tangazo la vita, na wang'oaji wenyewe walikusudia hivyo.

Mwezi huo huo Kinjikitile alikamatwa akapelekwa boma la Mohoro. Hakuwa na wakili. Hakimu wake alikuwa ni utawala ule ule aliokuwa akiushutumu. Alinyongwa pamoja na msaidizi wake, kwa kosa la uhaini, wiki ya kwanza ya Agosti, wakati vita vyenyewe vikiwa ndiyo kwanza vinaanza kushika moto. Inasimuliwa kwamba kabla ya kitanzi aliwaambia kuwa kumwua hakutasaidia, kwani dawa yake ilikwisha kufika mbali, mpaka Kilosa na Mahenge. Katika hilo alisema kweli. Ndugu yake, Njugumaina, alishika nafasi yake akaendelea kugawa dawa. Kabla Agosti haijaisha moto ulikuwa umeshafika Liwale na Mahenge, na baadaye Songea, ambako tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga watu zaidi ya 60 kwa siku moja.

Vita hivyo havikumalizwa kwa bunduki tu. Vilimalizwa kwa njaa. Majeshi yalichoma maghala, mashamba na vijiji, na mtu aliyenusurika na risasi alikufa kwa kukosa chakula. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Watafiti waliokuja baadaye, akiwemo mwanahistoria wetu Gwassa, walifika 250,000 hadi 300,000. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Ni jambo la heri.

Je, mnyororo uliisha? Gavana Rechenberg, aliyemfuatia Götzen mwaka 1906, aliyaacha mashamba ya pamba ya kulazimishana. Hapo yule aliyenyongwa Mohoro alishinda, ingawa hakuwepo kuona. Mnyororo wenyewe ulibaki mpaka Wajerumani walipoondoka. Waingereza walipokuja walileta kifungo na kazi ngumu, wakaitenga Idara ya Magereza na Polisi mwaka 1931, na wale walioshindwa kodi wakawawekea utaratibu wa kuilipa kwa kazi. Baada ya uhuru tukatunga sheria yetu ya Magereza mwaka 1967, na magereza ya kilimo na ya viwanda yakaongezeka. Katiba yetu, Ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti, lakini inasema kazi ya aliyehukumiwa na mahakama haihesabiwi kuwa ya shuruti. Kisheria ni sawa, na mfungwa kufundishwa ufundi wa viatu au seremala ni bora kuliko kukaa kuhesabu kuta. Tangu mwaka 2002 ipo pia sheria ya huduma kwa jamii, ambapo mwenye kosa dogo hutumikia adhabu huku akilala kwake. Zote hizo ni hatua. Ila kila sheria ya namna hiyo inasimama juu ya jambo moja, kwamba yule mtu kweli ana kosa, na kwamba anayemhukumu hana haja na mikono yake.

Nililijua hilo kabla sijasoma historia. Nilipokuwa mdogo, kodi ya kichwa ilikuwa bado ipo, ile iliyokuja kufutwa mwaka 2003. Msimu wake ukifika, wanaume wa kijijini kwetu walikuwa hawaonekani mchana. Baba yangu hakuwa mwizi wala mgomvi, alikuwa mkulima wa korosho ambaye bei ilikuwa imemwangusha mwaka ule. Alilala shambani usiku mbili, mama akanituma nimpelekee ugali na mchicha ndani ya kikapu, nipite njia ya nyuma, na mtu akiniuliza niseme napeleka chakula cha mbwa.