Louis Braille, kijana aliyefundisha vidole kusoma

Hapa kwetu Fataki, sawa vile Bunia, muzazi mwenye mtoto kipofu anajiuliza ginsi gani huyu atasoma. Tuangalie maisha ya Louis Braille.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 ku Coupvray, kijiji karibu na Paris. Baba yake alikuwa fundi wa vifaa vya ngozi vya farasi. Akiwa na miaka 3, Louis alichezea chombo chenye ncha cha baba, akajichoma jicho moja. Ugonjwa ulipita hata ku jicho la pili, akakuwa kipofu kabisa.

Wazazi hawakumuficha nyumbani. Alisoma na watoto wa kijiji, kisha mwaka 1819 akaingia masomo ya vipofu ya Paris. Vitabu vya pale vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa ku karatasi. Zilitengenezwa kwa ajili ya macho. Kidole kilizifuata polepole sana. Charles Barbier, aliyekuwa mwanajeshi, akaleta maandishi ya nukta 12. Louis akazipunguza kuwa 6, ili herufi moja ienee chini ya ncha ya kidole. Alikuwa na miaka 15 tu.

Alitoa kitabu chake mwaka 1829, akafundisha pale pale. Kifua kikuu kilimuua tarehe 6 Januari 1852. Masomo yake yalikubali maandishi hayo rasmi mwaka 1854, yeye hayuko tena.

Leo vipofu wengi wanatumia pia programu inayowasomea ukurasa wa intaneti kwa sauti. Moja, NVDA, ni ya bure. Hawasikilize yote: ku ordinatere wanafinya H, wanaruka toka kichwa kimoja hadi kingine, ku telefone wanapitisha kidole. Lakini kama mwandishi amenenepesha tu maneno, bila kuyapanga kama kichwa, programu inayapita kama maneno mengine. Kipofu anapaswa kusikiliza yote toka mwanzo ili apate habari moja. Tumerudilia kosa la zamani: kuandikia macho peke yake.

Basi wenye kuandika ku intaneti, pangeni vichwa sawasawa. Na sisi wazazi tusimufungie mtoto nyumbani: kama wale wa Coupvray wangefanya hivyo, zile nukta 6 hatungezijua.