Frank Weston, Askofu wa Zanzibar

Kila tarehe 2 Novemba, tunapowaombea Marehemu Wote, baadhi yetu humtaja pia Askofu Frank Weston, aliyefariki siku hiyo mwaka 1924 huko Hegongo, karibu na Magila. Wengi wanamkumbuka kwa habari za ibada na ubishi wake na maaskofu wenzake. Mimi napenda kueleza jambo jingine.

Alizaliwa London mwaka 1871, akasoma Oxford, akafika Unguja mwaka 1898 kwa Misheni ya UMCA. Tangu 1901 alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani, kilichowalea walimu na makasisi wengi Waafrika. Nadhani hapo ndipo alipozoea kuwasikiliza watu, maana mwalimu asiyesikiliza hafundishi. Mwaka 1908 akawa Askofu.

Wakati wa Vita Kuu aliongoza wapagazi wa Unguja huko bara, akitembea nao kwa miguu. Mwaka 1918 akaandika kijitabu juu ya jinsi Wajerumani walivyowatesa Waafrika. Waingereza hawakuwa na sababu ya kukichukia. Maovu yale yalikuwa ya adui.

Mwaka uliofuata jambo likazuka upande wao wenyewe. Walowezi wa Kenya walilalamika kwamba hawapati vibarua wa kutosha. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey ikawapelekea maofisa wake waraka. Ukiusoma haraka huoni neno baya. Haukuamuru mtu akamatwe. Ulitaka vijana wahimizwe, kwa njia za halali, watoke kwao waende mashamba ya walowezi, na wanawake na watoto wafanye kazi zilizo karibu na kwao. Machifu na wazee wasaidie. Tena maofisa waweke kumbukumbu ni chifu gani anasaidia na yupi hasaidii.

Hapo ndipo palipofichwa jambo. Chifu alikuwa mtu wa serikali, nayo iliweza kumwondoa. Akiambiwa ahimize watu, huku jina lake linaandikwa, angefanya nini ila kuwatoa kwa nguvu? Na kijana akitoroka, kulikuwa na kipande chenye alama za vidole vyake. Mtu aliyekaa London asingeiona kamba hiyo.

Maaskofu wa Mombasa na Uganda waliiona, wakasema hivyo kwa maandishi. Lakini walishauri kwamba, ikiwa kulazimisha hakuepukiki, basi kuwe kwa sheria na kwa mipaka. Sidhani walikuwa watu wabaya. Walitaka kupunguza mateso. Weston alikataa kabisa. Kanisa kuu lake lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na kwake kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya mwingine ulikuwa utumwa, hata ukitungiwa kanuni nzuri.

Mwaka 1920, alipokwenda Uingereza kwa mkutano wa Lambeth, alichapisha kijitabu cha pili, na safari hii washtakiwa walikuwa Waingereza. J. H. Oldham naye akawakusanya wakuu wa makanisa. Septemba 1921 Winston Churchill, Waziri wa Makoloni, akaagiza kwamba maofisa wa serikali wasiwatafutie tena walowezi vibarua. Kodi na kipande vilibaki kwa miaka mingi. Weston alikwisha kurudi kwa watu wake, akizunguka kwa miguu katika parokia za bara.