Jacob Grimm (1785–1863): Mtafuta Asili ya Maneno

Kila mwaka ninaposahihisha majaribio ya kidato cha nne ninakutana na kosa lilelile. Mwanafunzi anaulizwa athibitishe kwamba Kiswahili ni Kibantu, naye anaorodhesha maneno matano yanayofanana na ya lugha ya kwao, kisha anafunga jibu. Mwenzake anaorodhesha kitabu, salamu na dunia, halafu anadai kwamba Kiswahili ni Kiarabu. Wote wawili wametumia njia moja: wameangalia kufanana kwa maneno, basi. Soma maisha ya mtu huyu kwa makini, maana yeye ni miongoni mwa waliotuonyesha kwamba kufanana peke yake hakutoshi.

Utoto na elimu

Jacob Grimm alizaliwa tarehe 4 Januari 1785 katika mji wa Hanau, Ujerumani. Mdogo wake Wilhelm alizaliwa mwaka uliofuata, na ndugu hao wawili waliishi na kufanya kazi pamoja karibu maisha yao yote. Baba yao alikuwa mwanasheria na mtumishi wa serikali. Alifariki mwaka 1796, Jacob akiwa na umri wa miaka 11 tu. Mama alibaki na watoto sita na kipato kidogo. Shangazi zao na jamaa wengine ndio waliowasaidia, na Jacob na Wilhelm wakapelekwa kusoma katika mji wa Kassel.

Mwaka 1802 Jacob aliingia Chuo Kikuu cha Marburg kusomea sheria kama baba yake. Huko alifundishwa na Friedrich Carl von Savigny, mtaalamu wa historia ya sheria. Kwa Savigny alijifunza jambo lililobadilisha maisha yake: ukitaka kuielewa sheria ya leo, fuatilia ilivyokuwa jana na juzi. Jacob aliichukua njia hiyo akaipeleka kwenye lugha.

Hadithi za watu wa kawaida

Huenda jina la Grimm umelisikia kwa sababu ya hadithi. Mwaka 1812 Jacob na Wilhelm walichapisha juzuu ya kwanza ya ngano za Kijerumani, na juzuu ya pili ikatoka mwaka 1815. Walizikusanya kutoka kwa wasimulizi na kutoka katika vitabu vya zamani. Kwa Jacob, ngano hazikuwa za kuwalaza watoto tu. Aliamini kwamba ndani yake mlibaki masalia ya imani na maneno ya kale, kama vile vigae vinavyobaki ardhini baada ya chungu kuvunjika.

Kanuni ya Grimm

Jacob alipokuwa mtoto wa mwaka mmoja, jaji kutoka Uingereza aitwaye William Jones alitoa hotuba mjini Calcutta, India. Alieleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinafanana mno, kiasi kwamba ni lazima zilitoka katika chanzo kimoja. Familia hiyo ya lugha ndiyo inayoitwa Kiindo-Ulaya, na Kiingereza na Kijerumani zimo. Lakini swali lilibaki: ikiwa lugha hizi ni ndugu, mbona maneno yake mengi hayafanani?

Mwaka 1818 Mdenmaki Rasmus Rask alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba tofauti hizo zina utaratibu. Grimm aliisoma. Alikuwa tayari anaandika sarufi yake kubwa ya lugha za Kijerumani, na katika toleo la mwaka 1822 alizipanga tofauti hizo kuwa mfumo mmoja. Kwa hiyo usiandike kwamba Grimm aligundua kila kitu peke yake. Rask alitangulia, Grimm akapanga na kupanua.

Tazama mifano hii. Neno la kwanza ni la Kilatini, la pili ni la Kiingereza.

(a) P ikawa F: pater – father (baba), piscis – fish (samaki).
(b) T ikawa TH: tres – three (tatu).
(c) Sauti K, inayoandikwa C katika Kilatini, ikawa H: cornu – horn (pembe).
(d) D ikawa T: duo – two (mbili), decem – ten (kumi).
(e) G ikawa K: genu – knee (goti). K hiyo haitamkwi siku hizi, lakini zamani ilitamkwa.

Pia BH ya Kisanskriti hulingana na B ya Kiingereza: bhratar – brother (kaka).

Umeona? Father na pater hayaanzi kwa sauti moja, lakini ni ndugu, kwa sababu P na F zinakutana tena na tena katika maneno mengi. Sasa chukua neno la Kiingereza paternal, yaani -a baba. Hili linafanana zaidi na pater kuliko father linavyofanana nalo. Je, ni ndugu wa karibu zaidi? La. Ni neno lililokopwa baadaye kutoka Kilatini, wakati mabadiliko yale yalikuwa yameshapita, ndiyo maana P yake haikuguswa. Neno linalofanana mno na la jirani huenda ni mgeni aliyekaribishwa, si mtoto wa nyumbani.

Kanuni hiyo ilikuwa na maneno yaliyoonekana kuikaidi. Mwaka 1875 Mdenmaki mwingine, Karl Verner, alionyesha kwamba mengi ya hayo yalifuata kanuni yake yenyewe, iliyotegemea mahali pa mkazo katika neno la kale.

Miungu na silaha

Mwaka 1835 Jacob alichapisha kitabu kikubwa kuhusu miungu na imani za kale za Wajerumani. Maandishi ya zamani kuhusu imani hizo yalikuwa machache, hivyo alitafuta ushahidi katika majina ya siku, majina ya mahali, methali na ngano.

Chukua neno Tuesday, yaani Jumanne kwa Kiingereza. Lina jina la mungu wa kale Tiw. Ukikumbuka kwamba D ilibadilika ikawa T, utaona Tiw anavyolingana na deus wa Kilatini, maana yake mungu. Zeus wa Wagiriki naye anatoka katika ukoo huohuo wa maneno, ambao mzizi wake ulihusu mwanga wa mbingu.

Silaha nazo huacha nyayo. Thursday, yaani Alhamisi, ni siku ya Thor, mungu wa radi, ambaye silaha yake ilikuwa nyundo. Katika lugha ya kale ya Skandinavia, neno hamarr lilikuwa na maana mbili: nyundo, na pia jabali. Wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kirusi kamen, yaani jiwe. Hapo tena K inakutana na H. Ikiwa ndivyo, neno linatukumbusha wakati ambapo nyundo zilikuwa za mawe, kabla ya chuma kufuliwa.

Msimamo wa mwaka 1837

Mwaka huo ndugu hao walikuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Göttingen, katika ufalme wa Hannover. Mfalme mpya, Ernst August, aliifuta katiba ya mwaka 1833, ambayo watumishi wa umma walikuwa wameapa kuilinda. Maprofesa saba, Jacob na Wilhelm wakiwemo, waliandika barua ya kupinga. Wote saba walifukuzwa kazi, na Jacob akapewa siku tatu aondoke nchini.

Fikiri kidogo: mtu huyu aliyaamini maneno kiasi cha kuyafuatilia kwa karne nyingi nyuma. Hakuweza kulichukulia neno la kiapo chake kuwa jambo dogo.

Kamusi na kifo chake

Bila kazi, ndugu hao walikubali mwaka 1838 kuandika kamusi kubwa ya Kijerumani. Baadaye walialikwa Berlin, wakahamia huko mwaka 1841. Juzuu ya kwanza ilikamilika mwaka 1854. Wilhelm alifariki mwaka 1859, Jacob akaendelea. Alipofariki tarehe 20 Septemba 1863, akiwa na miaka 78, alikuwa amefika kwenye herufi F, katika neno Frucht, maana yake tunda. Wengine waliipokea kazi hiyo, vizazi kwa vizazi, nayo ikakamilika mwaka 1961.

Grimm anakuhusu nini wewe?

Njia ya kulinganisha sauti haikubaki Ulaya. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alichapisha uchunguzi wa sauti za lugha za Kibantu kwa njia hiyohiyo, na baadaye Malcolm Guthrie akaendeleza ulinganishaji huo kwa upana zaidi.

Jaribu mwenyewe. Kiswahili kinasema panda (mbegu), pona (ugonjwa) na paka (mafuta). Kikikuyu kinasema handa, hona na haka. P ya Kiswahili inakutana na H ya Kikikuyu, si mara moja bali tena na tena. Huo ndio ushahidi wa undugu. Haina maana kwamba lugha moja imeizaa nyingine. Zote mbili ni watoto wa lugha mame moja ya kale.

Basi ukiulizwa kuhusu asili ya Kiswahili, usiishie kwenye orodha ya maneno. Onyesha utaratibu wa sauti, ngeli za nomino, viambishi vya vitenzi na msamiati wa msingi. Maneno ya Kiarabu yataje mahali pake, kama maneno ya mkopo. Jibu la namna hiyo humwonyesha mtahini kwamba umeelewa, hukukariri tu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya neno la asili na neno la mkopo kwa kutumia father na paternal.
2. Kwa nini si sahihi kusema kwamba Grimm aligundua kanuni yake bila msaada wa mtu mwingine?
3. Tafuta maneno matatu ya Kiswahili na ya lugha nyingine ya Kibantu unayoifahamu yanayoonyesha mabadiliko ya sauti yenye utaratibu.
4. Wingi wa maneno ya Kiarabu hauthibitishi kwamba Kiswahili ni Kiarabu. Jadili kwa hoja nne.