Carey Francis: Aliongoza Alliance, akamalizia Pumwani

Wadau, Alliance High School ya Kikuyu, Kenya, nani haijui? Shule ya vichwa. Ila mzee aliyeinoa, vijana wengi wanamsikia jina tu.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza, kisha akasoma hesabu Cambridge na akabaki hukohuko akifundisha. Maisha safi kabisa. Mwaka 1928 akaacha vyote, akaja Maseno, karibu na Kisumu, kuongoza shule ya misheni. Mwaka 1940 akahamia Alliance, akawa mkuu wa shule hadi 1962.

Kwake Ukristo haukuwa kipindi cha Jumapili tu. Sala ya asubuhi, hesabu, mpira wa jioni, usafi wa bweni, kuwahi kengele, vyote aliviona kitu kimoja: kumlea kijana atakayefanya kazi vizuri hata kama hakuna anayemwangalia. Hakuoa. Wale wavulana ndio walikuwa familia yake.

Sasa hapa ndipo penye utata. Mzee aliamini Uingereza ina nia njema na Waafrika wasiwe na haraka. Mau Mau aliwapinga waziwazi. Lakini pia aliwalalamikia wakubwa wa serikali kuhusu askari wao waliokuwa wakitesa raia, na wazungu wenzake hawakupenda. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955. Likizo ya kwanza anarudi nyumbani, anakuta kijiji chao kimebomolewa, watu wamehamishwa kwa nguvu. Kaka yake yuko msituni na Mau Mau. Kijana wa miaka 17 anarudi shuleni na mzigo huo, anakaa mbele ya mwalimu mwenye msimamo ule! Alimaliza 1958, na mwaka 2012 akatoa kitabu kizima kuhusu miaka hiyo.

Mzee alipostaafu angeweza kurudi kwao Uingereza. Wapi! Alienda shule ya sekondari Pumwani, mtaa wa walalahoi Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine. Mwaka 1963 wanafunzi wake wa zamani wakaingia baraza la mawaziri la kwanza la Kenya. Yeye yuko Pumwani na chaki yake, anafundisha watoto waliokosa nafasi Alliance. Alifariki mwaka 1966.

Mimi hapo Pumwani ndipo aliponimaliza. Kwenye suala la Mau Mau bado sikubaliani naye. Mliopita Maseno na Alliance, mwasemaje?