Adriano Atiman

Adriano Atiman (Tundurma, leo nchini Mali, 1866 hivi – Karema, Tanganyika, 1956) alikuwa tabibu na katekista wa Kanisa Katoliki. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kulelewa na wamisionari, halafu akatumia miaka 67 kuwahudumia wagonjwa kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ni mmoja wa watu wanaokumbukwa zaidi katika historia ya Ufipa na maeneo jirani.

Utoto na utumwa

Atiman alizaliwa kijiji cha Tundurma kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa bado mtoto alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara hadi Metlili, kusini mwa Algeria. Huko alinunuliwa mwaka 1876 na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, ambao walimwacha huru. Kwa kuwa hakuwa na ndugu wala njia ya kurudi kwao, alibaki chini ya malezi yao pamoja na watoto wengine waliokombolewa.

Malezi na masomo

Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliona kuwa wamisionari wengi kutoka Ulaya walikuwa wakifa mapema kwa homa. Kwa hiyo alipanga baadhi ya vijana waliokombolewa wasomeshwe udaktari, ili waende Afrika ya Kati wakiwa matabibu na makatekista. Hakutaka wafanywe mapadre kwa lazima. Walitarajiwa kuoa na kujitegemea.

Atiman alipelekwa kisiwani Malta mwaka 1881 kusoma udaktari. Alibatizwa mwaka 1882 kwa jina la Adriano. Si vijana wote wa mpango huo waliodumu katika kazi waliyoandaliwa. Atiman ndiye aliyefahamika zaidi kuliko wenzake wote.

Karema

Mwaka 1888 aliondoka na msafara wa askofu Léonce Bridoux kupitia Zanzibar, akafika Karema mwanzoni mwa mwaka 1889. Kituo hicho kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Bridoux mwenyewe alifariki mwaka 1890. Aliyemfuata, Adolphe Lechaptois, aliongoza misheni kuanzia 1891 hadi alipofariki mwaka 1917.

Wakati Atiman anafika, biashara ya utumwa ilikuwa bado inaendelea ziwani. Misheni ilikuwa na makao ya watoto yatima na waliokombolewa, wavulana na wasichana. Walifundishwa dini, kusoma, kilimo na kazi za mikono; walipokua walioana na kupewa mashamba katika vijiji vya Kikristo. Wanahistoria wamebainisha kwamba uhuru wao ulikuwa na mipaka, kwa sababu vijiji hivyo vilikuwa chini ya mamlaka ya mapadre. Hata hivyo, mtoto asiye na ukoo wa kumlinda angeweza kutekwa tena akiondoka.

Katika mazingira hayo Atiman alikuwa na nafasi ya pekee: naye alikuwa amepita njia ileile ya watoto hao. Alikuwa tabibu na mwalimu wao wa dini, na maisha yake yaliwaonyesha kwamba mtoto aliyeuzwa anaweza kuwa mtu wa kutegemewa na jamii nzima.

Kazi ya utabibu

Aliwatibu Waafrika na Wazungu, Wakristo na wasio Wakristo. Alifanya upasuaji, alichanja dhidi ya ndui na kusafiri kuwafikia wagonjwa wa mbali. Kwa kuwa dawa kutoka Ulaya zilichelewa au kukosekana, alijifunza pia dawa za mitishamba za wenyeji.

Aliishi chini ya utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza. Viongozi wa misheni walibadilika mara kadhaa, yeye akabaki. Hivyo mapadre na masista wapya waliofika Karema walimkuta mkongwe mwenye uzoefu wa nchi, watu na magonjwa yake kuliko wao.

Familia

Alimwoa Agnes, mwanamke wa kabila la Wabende. Mtoto wao Yosefu alipata upadrisho mwaka 1923, akiwa miongoni mwa mapadre wa kwanza Waafrika wa eneo hilo.

Tuzo, kifo na kumbukumbu

Atiman alipewa nishani kadhaa, zikiwemo Bene Merenti ya Papa na medali ya Wellcome. Habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Hakuwahi kurudi kuishi katika nchi aliyozaliwa.

Karema leo iko katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Jina la Atiman limepewa hospitali ya Kanisa Katoliki iliyopo Sumbawanga, mji ambao manispaa yake inajumuisha kata ya Mollo na kata nyingine za uwanda wa juu wa Ufipa.